Nyumba ya Rudi Mwanzo

Wazazi wenzangu, na nyinyi walimu mnaopenda kutulaumu wazazi, sogeeni hapa karibu, leo tutalaumiana kidogo na kucheka sana.

Kuna nyumba kule juu Uru ambayo ukipita asubuhi ya Jumamosi unatamani wenyewe wakukaribishe. Kihamba, lile shamba linalozunguka nyumba, kimepaliliwa, kahawa imeiva chini ya migomba, na mfereji unapita nyuma ya zizi ukipiga kelele zake za siku zote. Wenye nyumba ni Mzee Wenseslaus, mkewe Avelina, binti yao wa mwisho Hilda aliyekuwa kidato cha pili, na Bibi Margareta, mama mzazi wa mzee. Bibi macho yalishamchoka, lakini masikio, aisee, anasikia mpaka unachokiwaza.

Jumamosi moja ya Agosti jumuiya ilisali kwao. Sisi jumuiya yetu huzunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba yenye zamu ndiyo inayotoa msomaji wa somo. Zamu ya Wenseslaus ikifika watu huwahi, maana mzee ana sauti! Akisoma kanisani hata watoto wachanga hunyamaza. Alikuwa msomaji wa parokia kwa miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kujikwaa hata mara moja.

Siri ya kutojikwaa aliijua yeye na Mungu wake, na labda migomba. Somo la Jumapili alianza kulifanyia mazoezi tangu Jumatatu. Alilisoma akipalilia, akalisoma akichuma kahawa, akalirudia akikata majani ya ng'ombe, hata ikifika Jumamosi alikuwa halisomi tena, ameshalikariri. Kitabu alikishika kwa heshima tu.

Na nyumbani alikuwa na sheria. Mtoto akishika kitabu mbele yake, lazima asome kwa sauti, na akikosea neno moja tu, kijiko kinagonga meza: "Rudi mwanzo!" Ukifika mstari wa tatu ukajikwaa, rudi mwanzo. Ukibakiza mstari mmoja ukajikwaa, rudi mwanzo vilevile. Watoto wanne wakubwa walipitia kijiko hicho, wakaondoka mmoja mmoja kwenda Dar na Arusha, na mpaka leo hakuna hata mmoja anayeshika kitabu kwa hiari yake. Hilda ndiye aliyebaki. Binti yule alijua mianzo ya hadithi nyingi sana, lakini kwa kinywa chake mwenyewe hakuwahi kufika mwisho wa hata moja.

Basi siku hiyo ya jumuiya, mwenyekiti wetu Filbert akasema kwa nia njema kabisa, "Mzee, wewe tumekusikia miaka yote. Leo tumsikie binti."

Wenseslaus akaona fahari. Hilda akasimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akaanza. Mstari wa pili ulimi ukakwama.

Hapakuwa na kijiko. Mzee akagonga mkono wa kiti. "Rudi mwanzo!"

Hilda akarudi. Akakwama palepale.

"Rudi mwanzo!"

Mara ya tatu hata mstari wa kwanza haukutoka. Mzee akawageukia watu: "Kidato cha pili huyu, jamani! Anasoma kama mtu anayevuka matope!" Sirili, jirani wa upande wa chini, ambaye hucheka hata msibani, akacheka. Na wengine tukacheka. Ndiyo, nasema tukacheka, maana nami nilikuwepo, na najuta mpaka leo.

Hilda akaweka kitabu mezani taratibu, akatoka, akapotelea migombani. Somo alilimalizia baba yake, bila kujikwaa.

Jioni ile binti alimjia baba yake akiwa ametulia kuliko siku zote. "Baba, mimi shule basi. Niende kwa shangazi Holili nikauze vitenge. Kule hakuna anayesomeshwa mbele ya watu."

Hapo ndipo mzee angekaa kimya akafikiri. Thubutu! Alijisikia amedharauliwa, akampigia simu dada yake Doris saa ileile. Doris ana duka lake pale Holili mpakani, na alikuwa akitafuta msichana wa kumsaidia. Alifurahi kweli. "Kaka, nikija Desemba kula Krismasi naondoka naye. Amalize tu huo mtihani wa kidato cha pili, watu wasiseme."

"Baba Denis," Avelina akamwambia mumewe, "mtoto unamtoa shule kwa ajili ya mistari miwili?"

"Amejitoa mwenyewe. Na mimi neno langu nimeshalitoa."

Mnamjua Mchagga akishatoa neno. Hata likimkwama kooni hawezi kulirudisha.

Ikapita Septemba. Oktoba, Wenseslaus akaanza kusikia jambo la ajabu. Kila siku saa kumi na moja jioni, zizini kwake kulikuwa na vicheko. Mara ya kwanza alidhani ni majirani wanapita na majani ya ng'ombe. Mara ya pili akasikia sauti ya Hilda, halafu kimya, halafu kicheko kizito kisichojulikana ni cha nani. Mzee akahesabu umri wa bintiye, kisha akahesabu vijana wa kijijini wasio na kazi. Siku ya tatu akachukua fimbo.

Akanyata nyuma ya migomba, fimbo mkononi, mwili umejikunja na umri wote ule. Akachungulia.

Hilda alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitabu magotini, anasoma Kiingereza kwa sauti. Msikilizaji wa kwanza alikuwa ng'ombe, anatafuna. Wa pili alikuwa Bibi Margareta kwenye kigoda. Pembeni walisimama kina mama watatu na mizigo yao ya majani bado kichwani, na kile kicheko kizito kumbe ni cha Theresia, mke wa Filbert!

Kilikuwa kitabu kidogo cha hadithi, kuhusu mwizi aliyeiba mbuzi, kisha mbuzi yule akampenda mwizi, akawa anamfuata kila aendako. Hilda alisoma aya moja kwa Kiingereza, akasimama, akaisimulia kwa Kiswahili, maana bibi Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji.

"Sasa mwizi ameingia kanisani kujificha," Hilda akasimulia, "na mbuzi naye ameingia, amekaa benchi la mbele."

"Yesu na Maria!" bibi akapiga paja. "Na Padre amemwona?"

"Subiri, bibi, sijafika."

Akainamia kitabu tena. Akasoma mstari, wa pili, na wa tatu akajikwaa vibaya. Huko migombani ulimi wa mzee ukamwasha. Midomo ikajifungua yenyewe: "Rudi mw..."

"Endelea," akasema bibi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, uso ameuelekeza kulekule migombani. "Endelea, mjukuu wangu."

Hilda akaendelea. Neno lililomkwamisha likaja tena mstari wa chini yake, na safari hii akalipita bila hata kujua kama amelipita. Wenseslaus alilisikia. Akakaa pale mpaka magoti yakamuuma, na alipoondoka alikuwa hajajua kama Padre alimwona yule mbuzi.

Usiku huo alikasirika. Ndivyo tulivyo, tukiguswa tunakasirika. Asubuhi akavaa koti la Jumapili akaenda shuleni kumtafuta mwalimu wa Kiingereza, Mwalimu Theopista, aliyehamia mwaka huo. Mama huyo wazazi wake ni watu wa Bukoba waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini tambarare, akazaliwa na kukulia hukohuko. Mzee alijiandaa kumwambia kwamba shule si zizi.

Alipofika, kipindi kilikuwa kinaendelea, akasubiri dirishani. Mwalimu alikuwa anasoma. Hakuandika ubaoni, hakufafanua, alisoma tu, na wanafunzi walifuata vitabuni kwa vidole. Akifika kwa mwizi anaongea puani, akifika kwa Padre anajivuta polepole, akifika kwa mbuzi, basi ni fujo. Darasa zima lilikuwa linacheka. Baada ya hapo akasoma mstari, wao wakaurudia wote pamoja, sauti hamsini kwa mara moja, aliyekosea akafunikwa na wenzake asijulikane. Kisha wakageukiana wawiliwawili, mmoja anasoma, mwenzake anasikiliza, na kila mahali neno moja tu: endelea, endelea.

Kiingereza cha mzee kiliishia darasa la saba, lakini sauti ya mbuzi aliielewa. Kabla hajajizuia akacheka, kwa ile sauti yake ya kanisani, kicheko kikajaa dirisha zima. Wanafunzi wakageuka. Hilda akainamisha kichwa chini ya dawati.

Mwalimu akamfuata nje. "Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba. Mwalimu," akakaza uso upya, "hawa ni watu wazima, kidato cha pili. Unawasomea hadithi kama watoto wa chekechea?"

"Mzee wangu, Kichagga ulijifunza ubaoni?"

"Ubao gani? Nilizaliwa nacho."

"Hukuzaliwa nacho, baba. Ulikisikia. Mama yako alikuwa anaongea, wewe unasikiliza, mpaka siku moja ukajibu. Sasa hawa Kiingereza wanakisikia wapi? Nyumbani Kichagga, njiani Kiswahili, halafu Novemba wanakuta mtihani wa historia umeandikwa kwa Kiingereza. Mimi nawasomea ili masikio yazoee. Halafu wanasoma wenyewe kwa sauti, wanazoea kusikia vinywa vyao. Na nyumbani, ukurasa mmoja kila siku kwa msikilizaji mmoja."

"Na makosa je? Anayesahihisha nani?"

"Mimi, baadaye, wakishamaliza. Msikilizaji nimempa neno moja tu la kusema." Akatabasamu. "Nadhani umelisikia."

Kisha akamwonyesha daftari la Hilda. Kila ukurasa aliousoma nyumbani ulitakiwa kuwa na sahihi ya msikilizaji. Bibi Margareta hajui kuandika. Basi kwenye kila mstari, tangu mwanzo wa Septemba, kulikuwa na dole gumba la masizi ya jikoni. Kurasa zimejaa madole gumba meusi. Mzee akayatazama kwa muda mrefu, akarudisha daftari, akaaga.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anapepeta maharage.

"Mama, jana ulijua nipo migombani."

"Fimbo yako iligonga mgomba mara mbili. Mwizi wa mbuzi anakushinda." Bibi akaendelea kupepeta. "Wensi, unamkumbuka yule mwalimu wako wa darasa la pili? Mungu amrehemu. Alikuwa na rula."

Mzee akaacha kufungua vifungo vya koti.

"Alikuwa anagonga dawati, anasema rudi mwanzo. Ulitoroka ukalala kwenye banda la kahawa siku mbili, tukakutafuta mpaka mtoni. Uliporudi ukaniambia, mama, sitasoma tena kitu nisichokijua kwa moyo. Mimi sikukuelewa. Nilidhani ni utoto."

Wazazi wenzangu, mzee alikaa chini palepale kando ya maharage. Alikuwa amesahau kabisa. Miaka yote hiyo alidhani kijiko ni chake, kumbe alirithishwa rula ya mtu.

Tangu siku hiyo kijiko kikarudi kwenye kazi yake ya kulia chakula. Lakini kumwomba binti radhi? Kumwambia Doris asije na begi la ziada la nguo za Hilda? Hapana, hapo kiburi kilikaa mlangoni. Hilda naye hakusema kitu. Shule sasa aliipenda, Mwalimu alimruhusu akae na kitabu wakati wote wa likizo, lakini baba yake alishatoa neno, na binti wa Kichagga ataanzaje kulivunja? Alifanya mtihani Novemba, akafua sare yake, akaikunja vizuri sana. Avelina alipoiona ilivyokunjwa alilia jikoni peke yake.

Desemba ikafika, na mlima ukajaa. Mnajua inavyokuwa, magari ya Dar yanapandana barabarani, kila kihamba kinanuka nyama. Denis, mtoto wao wa kwanza, akaja na familia yake, wengine wakaja, na Doris akapanda kutoka Holili na begi la ziada. Safari ya Hilda ikapangwa tarehe ishirini na saba.

Tarehe ishirini na sita, jumuiya ilikuja nyumbani kwa Wenseslaus kusali sala ya shukrani ya mwaka. Uwanja ulijaa, machalari ya ndizi na nyama yanachemka, pombe ya mbege imeiva. Mzee alikuwa na somo lake la Krismasi, lile asomalo kila mwaka, analijua hata akiwa usingizini. Akasimama na koti lake. Filbert akamkabidhi kitabu kilichofunguliwa.

"Mzee, leo ni Mtakatifu Stefano. Somo ni hili."

Wenseslaus akatazama ukurasa. Hajaufanyia mazoezi hata dakika moja. Ulijaa majina ya watu wa mbali, ambayo hata Padre huyakanyaga kwa tahadhari. Mbele yake walikaa watoto wake wote, wakwe, wajukuu, majirani, na Sirili.

Akaanza. Jina la kwanza likamkwamisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Samahani. Nirudi mwanzo." Akarudi. Akakwama palepale. Uwanja ukawa kimya, na kimya chenyewe kikamrudisha miaka hamsini nyuma, kwenye dawati na rula. Sirili akaanza kucheka kwa pua. Kitabu kikaanza kushuka mikononi mwa mzee.

"Endelea, baba."

Ilikuwa sauti ya Hilda, upande wa jikoni, mwiko bado mkononi. Hakuipaza, lakini kila mtu aliisikia.

"Endelea," akasema bibi.

"Endelea, mzee," akasema Theresia, na Denis naye, ambaye hajashika kitabu tangu aondoke nyumbani, akasema "Endelea, baba," sauti ikimkatikia. Mwisho uwanja mzima ulisema, mpaka Sirili.

Akaendelea. Jamani, alisoma vibaya! Majina aliyavunjavunja, mistari akairuka, akairudia. Lakini alisoma mpaka neno la mwisho, na ndilo lilikuwa somo la kwanza maishani mwake ambalo Wenseslaus alilisoma kwa kweli. Tulipoitikia, tuliitikia kama watu wanaopokea mtoto mchanga.

Alifunga kitabu, lakini hakuketi. Alitoka moja kwa moja hadi kwenye ua wa masale unaozunguka kihamba chake, akakata jani moja. Kwetu sisi, ukimkosea mtu unampelekea isale, na akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Wazee wanapelekeana isale, ndugu waliogombania mipaka wanapelekeana. Lakini baba kumpelekea mtoto wa kidato cha pili? Hilo mimi nilikuwa sijaliona.

Akasimama mbele ya Hilda. "Mwanangu, nilikuaibisha mbele ya watu, na leo naomba mbele ya watu hao hao. Nisamehe. Na shule usiache, nakuomba."

Hilda akaangusha mwiko. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akalia, akacheka, asijue achague lipi. "Nimekusamehe, baba. Mimi shule nilikuwa naitaka tu."

Vigelegele vikapanda mpaka ng'ombe akajibu. Doris akasimama, mikono kiunoni. "Na mimi je, na begi langu? Basi nijazieni ndizi nirudi Holili peke yangu! Na wewe, binti, ukifika chuo kikuu usinisahau." Tukacheka mpaka machozi.

"Nyamazeni kwanza," akasema Bibi Margareta. "Huyo mwizi wa mbuzi ameishia wapi? Mtihani ulinikatia hadithi, nimebaki na ukurasa mmoja tangu Novemba. Nitakufa nao?"

Hilda akakimbia ndani akaleta kitabu. Akasimama palepale aliposimama Agosti. Akasoma ukurasa wa mwisho kwa Kiingereza, akajikwaa mara mbili, akapita. Kisha akatusimulia: mbuzi alichoka kuzungushwa, akashika njia ya kwao, na mwizi, kwa kuwa alishamzoea, akamfuata nyuma mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Watu wa kijiji kile wakasema, si mwizi aliyemrudisha mbuzi, ni mbuzi aliyemrudisha mwizi. Akafunga kitabu.

"Imeisha," akasema, kama mtu asiyeamini.

Mzee Wenseslaus alipiga makofi wa kwanza, na akaacha wa mwisho. Bibi akaomba aletewe masizi.

FUNZO

Hadithi yangu haihitaji kufafanuliwa, lakini nitaifafanua, maana kuna wazee wenye vijiko bado wananitazama.

Lugha huingia kwa masikio na kutokea kinywani. Mwalimu, wasomee wanafunzi wako kwa sauti, hata wakiwa na ndevu, kisha uwaache nao wasome, kwanza pamoja wasione haya, halafu wawiliwawili, halafu mmoja mmoja. Kosa lina wakati wake wa kusahihishwa, na wakati huo si katikati ya sentensi mbele ya watu. Mzazi, usiseme Kiingereza hukijui. Bibi Margareta hakijui mpaka leo, na mwanafunzi wake alifaulu ule mtihani. Keti, sikiliza, uliza kilichotokea. Na ukimwaibisha mtoto, usingoje akunje sare. Masale yapo kwenye kila ua wa kihamba.

Na sisi tuliocheka siku ile, mimi nikiwa mmoja wao: mtoto akijikwaa, neno letu liwe moja. Endelea.